Mpaka Meli Ije: Kumuaga Fundi Sairusi Naulivou

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Fundi Sairusi Naulivou anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Waivula, hapa Labasa, kwa miaka thelathini na sita. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Ilaitia wa stoo ya vipuri, niandike wasifu wake. Sijui nani aliwashauri. Kwao na kwetu ni watani tangu enzi za mababu, na kila mtu hapa anajua maana yake: namtukana hadharani naye hanuni, anachukua kitu changu nami sina haki ya kudai. Kwa hiyo msitegemee sifa tupu.

Fundi Sairusi alizaliwa visiwani Lau, akajifunza kazi mjini Suva kwenye injini za boti, kisha akaletwa kwetu kushika nafasi kwa muda tu. Fundi mkuu mwenyewe alikuwa njiani. Msimamizi wa enzi hizo alimwambia, "Wewe shikilia hapa mpaka meli ije." Meli ikaja, fundi mkuu hakushuka. Ikaja nyingine, hakushuka. Mwaka wa pili watu wakaacha kwenda gatini kuchungulia, na Sairusi akaendelea kushikilia.

Maneno yale yakawa yake. Kipuri kikikosekana, na hapa kipuri hukosekana kila siku, yeye hufunga waya, hukata kipande cha debe, hata mkanda wa suruali umewahi kutumika, halafu humwambia mwenye gari, "Hii ni ya muda tu, mpaka meli ije." Yapo malori ya miwa yanayotembea leo na matengenezo ya muda yaliyowazidi umri madereva wake. Mwaka wa kimbunga kikubwa aliiwasha jenereta ya zahanati kwa vipuri vya pampu ya maji, nayo ikafanya kazi mpaka umeme uliporudi. Hilo nalisema bila utani. Mafundi wote tulio nao sasa wamepitia mikononi mwake.

Lakini kilichompa jina ni sikio. Gari likiingia getini, yeye akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, alikuwa ameshajua linaumwa wapi. Madereva wa mabasi walikuwa wakizima injini pale kwenye mteremko na kuliacha basi lijiserereshe lenyewe hadi ndani, ili asisikie dhambi zao kabla hawajatunga uongo.

Miaka ya nyundo na injini ina malipo yake, na mwaka huu sikio lile lilianza kumtoroka. Alificha jambo hilo vizuri. Ukimsemesha kwa nyuma anajifanya ana mawazo. Mimi nilikuwa namtukana mpaka nachoka, hajibu, nikadhani amekuwa mtu wa dini.

Ndipo, wiki chache kabla ya kustaafu, akaja Mama Kamla Wati, mwalimu mstaafu, na gari lake la kijani ambalo mitaa yote ya Labasa inalijua. Lilikuwa la marehemu mumewe. Injini ikinguruma taratibu ilikuwa inagonga kama mtu anayetikisa sufuria lenye vijiko. Ukikanyaga mafuta, kelele inafifia. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amemwambia krenki imekwisha, aliuze kama chuma chakavu. Wanawe walioko Sydney nao walikuwa wakimpigia simu kila Jumapili kusema vivyo hivyo.

"Nimewalea kwa gari hili," Mama Kamla alituambia. "Sasa wao ndio wa kulizika? Sairusi, mwanangu, lisikilize. Ukisema limekufa, nitaamini."

Sairusi aliinamia boneti, akasikiliza. Akazunguka upande wa pili, akasikiliza tena. Sisi sote tuliacha spana kumtazama. Alipoinua uso, niliona ameogopa.

Jioni hiyo alimwendea msimamizi wetu, Bwana Yogesh, akamwambia hataki sherehe, hataki kinywaji cha kava, hataki hotuba, mpaka kelele ile ipatikane. "Nitaagwa kama fundi wa nini, bosi, na gari linanigongea mbele ya pua silisikii?" Bwana Yogesh alikuwa ameshaagiza kuku wa kari. Alinijia stoo akiwa amejishika kichwa.

Kesho yake Sairusi alianza upya, kama mwanafunzi. Alimwaga oili, akaichuja kwa kitambaa cheupe: hakuna unga wa chuma. Akachomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine injini ikiwaka. Mlio ule ule, haukubadilika, kwa hiyo tatizo halikuwa ndani ya silinda. Akakaza silensa na vibati vyake. Bado. Siku ya tatu akavua fenibelti, akawasha. Kimya! Basi kelele ilikuwa kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda ule.

Akaurudisha, akachukua bisibisi ndefu. Zamani angeiweka sikioni. Safari hii aliuma mpini kwa meno, ncha akaigusisha kwenye pampu ya maji. Akatikisa kichwa. Akaihamishia kwenye kishikio cha alternata, na meno yake yakapiga makelele kiasi kwamba hata sisi tulisikia.

"Wewe mbwa!" aliiambia alternata, akacheka mpaka bisibisi ikaanguka.

Boliti ya kishikio ilikuwa inacheza kwenye tundu lake, kwa sababu raba iliyokuwa imelijaza ilikuwa imekauka na kumeguka. Akaivuta raba hiyo kwa koleo, akaisugua kwenye ovaroli. Ilikuwa ya bluu, na upande mmoja ilikuwa na mistari ya soli. Sairusi alinitazama, akatazama chini.

Ndugu zangu, miaka kumi na mmoja iliyopita ndala yangu ya kushoto ilipotea hapa karakana, na nikaenda nyumbani mguu mmoja peku, mke wangu akaniuliza nimetoka kwa nani. Siku hiyo ndipo nilipojua ilikoenda.

"Ilikuwa ya muda tu," mtani wangu akasema. "Mpaka meli ije."

Boliti mpya na bushi zake, raba halisi za kujaza tundu lile, zilikuwepo stoo kwangu tangu meli ya mwaka ule. Hakuja kuzichukua. Mama Kamla aliondoka na gari lililotulia, akawapigia wanawe siku ya Alhamisi bila kusubiri Jumapili, na sherehe ikarudi, kuku wa Bwana Yogesh wako salama.

Mtani, tunakushukuru wewe na mkeo Makereta, aliyekuazima kwetu muda wote huu na kukufulia grisi yetu. Wengi tuna riziki kwa sababu ya mikono yako. Mimi nitakukumbuka kila asubuhi, na hilo linaniuma kuliko nilivyotaka kuandika. Nendeni Lau mkale samaki, mlale mchana, mpate wajukuu wenye masikio.

Meli yenu inaondoka Jumamosi. Utakapofungua begi utakuta ndala yako moja tu, ya kulia. Usinune, desturi unaijua. Ya kushoto iko stoo, rafu ya juu, karibu na zile bushi. Nitakutunzia mpaka meli ije.