Mkunga Aliyeogopa Ndege

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mkunga aliyetutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, kwa maradhi ya moyo. Wengi mlimwita Mama Mikono Baridi. Mlimpa jina hilo kwa utani, maana kila aliposhuka kwenye ndege mikono yake ilikuwa kama imetoka kwenye barafu. Aliogopa ndege. Aliogopa ndege, na kwa miaka kumi na minane alipanda ndege.

Kutoka uwanja wetu mdogo wa huku milimani mpaka uwanja wa kule chini, kwenye hospitali kubwa, ni kilometa mia mbili. Kwa ndege ndogo ni dakika hamsini. Kwa gari, mvua ikinyesha, ni siku mbili, na njiani unaweza kuzika mtu. Kilometa mia mbili, dakika hamsini. Hesabu hiyo ndiyo iliyompandisha, kila mjamzito alipozidiwa.

Mume wake, fundi cherehani, anasema: "Aliwahi kuua nyoka jikoni kwa ufagio. Damu haikumtisha. Lakini simu ya rubani ikilia, chakula hakipiti. Nikimwambia aache kazi hiyo, ananiambia, 'Baba Watoto, nifungie zipu ya koti, vidole vimekataa.'"

Kuna safari moja. Mjamzito, mimba yake ya kwanza, alikuwa anatokwa damu. Mawingu yamekalia milima. Rubani, ambaye sasa amestaafu, alimuuliza mkunga: twende au tungoje?

"Akanijibu, 'Ukiniuliza mimi, kaka, sipandi hata jua likiwaka. Muulize huyu kama damu yake inangoja.'"

Wakaruka. Katikati ya njia mawingu yakafunga mbele na nyuma. Rubani akazunguka kutafuta upenyo. Dakika hamsini zikapita, ardhi haionekani. Ndege ikaanguka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba, ikajishika tena. Dripu ikachomoka kwenye ndoano. Mkunga akaidaka, akaishika juu kwa mkono.

Mgonjwa yule yuko hai. Jana alitupigia simu.

"Niliuliza, 'Mama, bado kiasi gani?' Akasema, 'Dakika kumi, mwanangu.' Baadaye nikauliza tena. 'Dakika kumi.' Nilijua ananidanganya. Meno yake yalikuwa yanagongana. Lakini ule mkono wa dripu haukushuka. Nikasema moyoni, kama huyu anayetetemeka hivi hajaniacha, na mimi nisijiache."

Rubani alikuwa amebakiza mafuta kidogo sana alipouona mto kwenye tundu la wingu. Akaufuata mpaka uwanjani. Safari ya dakika hamsini ilichukua saa moja na nusu. Mama aliokolewa. Mtoto hakuokolewa. Mkunga alikaa chini kwenye majani, kando ya njia ya kurukia.

Wiki iliyofuata simu ililia tena. Rubani alimkuta nyuma ya ofisi ya uwanja, anatapika. Alinawa uso, akapanda.

Kwa mume wake, kwa binti zake wawili, kwa wenzake wa zahanati: poleni sana. Mmefiwa, nasi tumefiwa pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki tujiulize, hasa sisi tunaongoja kwanza hofu iishe ndipo tutoke. Mvua zimeanza. Kiti chake, nyuma ya rubani, tangu Jumanne, hakina mtu.