Mkojo wa Kuazima

Mama mmoja alikuwa basini, masikio yote yakiwa kiti cha mbele, kwa msusi mjamzito na shoga yake.

"Mchumba wako kaona majibu?" msusi alicheka. "Si uliogopa kupima, nikakuazima mkojo wangu? Mimi mke wa mtu, nimetulia, hauna neno."

"Wameandika kisonono."

"We! Nani kakupa?"

"Shoga, kikopo kilichoingia maabara ni chako."

Kicheko kikamkauka msusi. Mama wa nyuma akajiziba mdomo. Binti zake nao huazimana kila kitu.

"Mume wangu hatoki nje ya ndoa," msusi alisema.

"Na huyo tumboni je? Twende tukapime, safari hii kila mtu na kikopo chake."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Shoga akainuka.

"Tangulia," msusi alisema, mikono tumboni. "Mimi nashuka kituo cha mbele."