Bondia wa Mgiriki

Kijiwe cha Rudewa kilikuwa pale njia ya shamba la mkonge inapokutana na barabara ya Kilosa, juu ya taruma la reli ambalo hakuna mtu aliyekuwa tayari kueleza lilifikaje mbali namna ile na reli yenyewe. Hapo ndipo Birika, muuza kahawa, alipotua jiko lake kila alasiri, na hapo ndipo mambo ya dunia yalipomalizwa kabla ya magharibi. Mwaka ule wa Azimio la Arusha mambo yalikuwa mengi. Mashamba yalikuwa yametaifishwa, Mgiriki mwenye shamba alikuwa amefunga mizigo akarudi kwao, na kitu pekee alichomwachia Mwinshehe, mlinzi wake wa getini, ni mbwa. Mbwa wa kahawia, kifua kipana, uso umebonyea kama aliyegonga ukuta. Tangu bwana wake aondoke alikuwa hali wala habweki. Meneja mpya alikuwa ametoa neno moja tu: mbwa huyo afundishwe kulinda, na ikifika Jumamosi bado amelala, bwana nyama, askari wa wanyamapori, atapitia na bunduki yake. Leo ilikuwa Alhamisi, na Mwinshehe alikuwa amekaa ukingoni mwa taruma, ameshika ncha ya kamba ya mkonge iliyokuwa ndefu kuliko ya kumfungia fahali, mbwa amelala vumbini kule ncha ya pili.

— Tatizo lenu mnasahau huyu ni nani, alisema Kamusi. Huyu si mbwa wa kubweka. Huyu bondia.

Kamusi jina lake ni Filipo. Alisoma misheni kule Mamboya, na tangu hapo hajapata kukutana na neno la Kiingereza akakiri kwamba halijui. Ndiye aliyefasiri siku ile Mgiriki alipompa Mwinshehe kamba na kusema, "Boksa huyu. Mbwa mzuri sana." Kamusi alifasiri palepale bila kukuna kichwa, wala kuuliza kama kuna mbwa wa aina hiyo: boksa maana yake bondia. Toka siku hiyo Rudewa nzima ilimwita mbwa huyo Bondia, na habari zake zilifika hadi Masanze zikiwa zimeongezewa chumvi.

— Mtazameni pua, aliendelea Kamusi. Pua ya mbwa huwa hivyo? Hiyo imelazwa kwa ngumi. Tena ngumi za miaka.

— Na mkia, alidakia Raundi. Wamemkata mkia akabaki na kibutu. Unajua kwa nini? Mpinzani asipate pa kushika.

Raundi, yaani Nikolaus, alikuwa askari wa zamani, na kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kumwangusha mtu Morogoro mpaka mwamuzi akalia. Yeye ndiye aliyekabidhiwa mafunzo. Wiki iliyopita alishona glavu kwa gunia, akajaza nyuzi za mkonge, akaenda kumsimamia mbwa uani kwa Mwinshehe. Na kweli mbwa aliinuka kwa miguu ya nyuma, akampiga Raundi kifuani kwa mikono miwili, moja, mbili, huku kibutu chake kikitikisika. Watu walishangilia. Raundi akamrudishia ngumi moja ya kumfundisha kujikinga. Mbwa akashuka chini, akamtazama kwa muda, akaenda kulala. Hakuinuka tena kwa ajili ya mtu yeyote.

— Ile siku ulimkatisha tamaa, alisema Mwinshehe polepole.

— Mimi? Bondia hakatishwi tamaa na ngumi moja, Mwinshehe. Bondia ngumi ndiyo chakula chake.

— Basi mbona hali?

Raundi alikunywa kahawa yake kwanza. Swali hilo alikuwa amelingoja.

— Anapunguza uzito. Mabondia wote kabla ya pambano wanafunga. Mimi mwenyewe nilikaa kwa uji mwepesi mpaka mama akadhani nimerogwa. Huyu anajua kuna pambano. Sisi ndio hatujui ni lini.

Mwinshehe aliutazama ubavu wa mbwa. Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika. Asubuhi alimsogezea ugali na dagaa kwa fimbo, kama anavyofanya kila siku, akakisukuma kibakuli mpaka puani, na mbwa aligeuza uso ukutani. Mwamvua, mke wake, alisema kutoka mlangoni, "Mwache afe kwa amani, baba. Na kibakuli hicho usikirudishe jikoni." Mwinshehe alikiacha kibakuli uani. Alikuwa anajionea aibu jinsi moyo ulivyomuuma kwa ajili ya mnyama ambaye hata udenda wake ni najisi.

— Nyie mnazungumza uzito, alisema Birika akigonganisha vikombe vyake kuita wateja, mimi nazungumza siasa. Huyu mbwa alikuwa anakula nyama ya ng'ombe kwenye veranda. Hajawahi kushika jembe. Sasa Azimio limemkuta, anagoma. Huo si ugonjwa, huo ni unyonyaji unamtoka mwilini.

— Mbwa naye ni mnyonyaji? aliuliza Raundi.

— Ndugu yangu, kama alikula bila kufanya kazi, ulitaka aitwe nani? Apelekwe shamba la kijiji. Akilinda mahindi ya wote yasiliwe na nguruwe, hamu ya kula itamrudia yenyewe.

— Hajui Kiswahili, alisema Kamusi. Utamwambiaje alinde mahindi? Huyu anafahamu Kigiriki. Na Kigiriki, niwaambie ukweli, kinafanana sana na Kiingereza. Jana nilimwambia *sit*, yaani kaa.

— Akafanya nini?

— Alikuwa amekaa tayari. Kwa hiyo hatuwezi kujua.

Birika aligonganisha vikombe tena, kwa nguvu zaidi, maana basi la kutoka Gairo lilikuwa limesimama hapo barabarani na abiria walianza kushuka. Kwa mlio ule mbwa aliinua kichwa. Masikio yalisimama. Mwinshehe alihisi kamba ikikaza mkononi.

— Mmeona, alinong'ona Raundi. Kengele. Anangoja kengele. Wajinga sisi, bondia gani anaanza kupigana bila kengele? Birika, piga tena.

Birika alipiga. Mbwa alisimama, akatazama barabara upande wa shamba, akatazama wale watu mmoja mmoja, kuanzia Kamusi mpaka Mwinshehe. Kisha akarudi chini na kuweka kidevu vumbini. Birika alipiga mpaka kikombe kikapata ufa, lakini mbwa hakuinuka.

— Kengele yenyewe si hiyo, alisema Raundi. Inatakiwa ya shaba.

Basi lilikuwa limepata pancha. Mmoja wa abiria, mama wa makamo aliyebeba kikapu cha mihogo ya kuchemsha aliyokuwa akiipeleka kwa binti yake Kilosa, alisogea kutafuta mahali pa kukaa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu. Kutoka wapi?

— Mamboya. Naitwa Magreti. Mbwa wenu anaumwa?

Walimweleza wote kwa pamoja. Walimweleza habari za pua, za mkia, za uzito na za kengele. Kamusi alimfasiria neno boksa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuonekana kushtuka. Raundi alimwonyesha glavu. Birika aliongeza habari za unyonyaji. Mwinshehe alisema mwishoni kabisa:

— Ikifika Jumamosi hajalinda, anapigwa risasi.

Magreti aliwasikiliza kwa adabu. Alikuwa akiifuata kamba kwa macho, kutoka shingoni mwa mbwa, ikipita juu ya vumbi, ikizunguka mguu wa jiko la Birika, mpaka kwenye mkono wa Mwinshehe kule mwisho.

— Mimi mbwa siwajui sana, alisema. Kwetu wapo wa kufukuza nyani tu. Lakini tangu huyo Mgiriki aondoke, nani amemshika?

— Kumshika vipi? aliuliza Kamusi.

— Kumshika tu. Kwa mkono. Kichwani.

Kamusi alitazama kikombe chake. Raundi alizifunga kamba za glavu, akazifungua. Birika alipuliza makaa yaliyokuwa yamekwisha kukolea.

Mwinshehe alikumbuka veranda ya Mgiriki. Jioni nyingi, akiwa getini, alimwona yule mzee amekaa kwenye kiti chake cha turubai, mbwa ameegemeza kichwa gotini, na mkono wa mzee unakwenda na kurudi nyuma ya masikio bila hata mwenyewe kuangalia. Mwinshehe alikuwa akigeuza uso. Alidhani ni uchafu wa wazungu, kama walivyo na mambo yao mengine. Sasa alifikiri jinsi mbwa yule alivyowainukia watu wa Rudewa kwa mikono miwili siku ile ya glavu, na walichompa.

Alianza kuivuta kamba, kisha akaona si vizuri kumvuta, akainuka yeye.

— Mwinshehe, alisema Birika. Ukimshika huyo, hapa kwenye vikombe vyangu usirudi.

— Nitaosha.

— Mara saba. Na moja kwa udongo.

— Udongo upo, Birika. Rudewa yote ni udongo.

Alichuchumaa. Alinyoosha mkono. Aliuweka juu ya kichwa cha mbwa, akashangaa kwamba manyoya yalikuwa laini na chini yake kulikuwa na joto jingi. Mbwa hakufanya kitu. Kisha alitoa pumzi ndefu yenye kukoroma, akajisogeza, akamwegemea Mwinshehe kwa uzito wake wote hata mlinzi akakaa chini kitako, na udenda ukamlowesha shati kuanzia bega mpaka mfukoni. Mwinshehe alipitisha vidole nyuma ya sikio, kwenda na kurudi. Macho yake yalijaa machozi, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine umelowa, aliyaacha.

Magreti alikata kipande cha muhogo, akamnyooshea Mwinshehe. Naye alikiweka kwenye kiganja chake mwenyewe. Mbwa alinusa, akamtazama usoni, akala. Alilamba kiganja mpaka kikawa safi, akatazama kikapu.

— Muhogo mtupu, alisema Kamusi. Bila hata chumvi.

Pancha ilikuwa imekwisha kuzibwa, na dereva alipiga honi. Magreti aliwaachia mihogo miwili juu ya jani, akaaga, akakimbilia basi. Birika alihangaika kwenye mfuko wake wa makaa mpaka akapata kifuu cha nazi, akakipangusa kwa kanga ya kushikia birika, akamimina kahawa, akakiweka chini karibu na Mwinshehe. Alifanya hivyo akitazama pembeni.

— Hicho usinirudishie, alisema.

Walikaa. Raundi ndiye aliyeanza tena.

— Sawa, anakula. Lakini meneja hakutaka mbwa wa kula. Jumamosi bwana nyama akija na bunduki, utamwonyesha nini?

— Nitamwonyesha hivi hivi, alisema Mwinshehe. Atanikuta nimekaa na mbwa, mkono wangu uko hapa kichwani.

— Atakwambia usogee.

Mwinshehe aliendelea kumkuna mbwa nyuma ya sikio.

— Atasema, alijibu. Sitasogea.