Risala ya Wakazi wa Mwambani Kuhusu Vipimo Vilivyokaa Sebuleni

Mgeni wetu rasmi Dokta Melkiadi wa idara ya afya; na Bi. Rabia, mtaalamu wetu wa kupima hewa. Ndugu wakazi wenzetu, tunawasalimu kwa Kiha: mwakeye.

UKARIBISHO

Karibu Mwambani. Tumefurahi umepanda kilima kwa miguu kama sisi. Tunajua umekuja kututangazia kwamba nyumba zetu ni salama. Tunaomba, kabla hujatangaza, utusikilize.

TULIKOTOKA

Kitongoji chetu ni kipya hapa Kibondo. Wengine tumetoka Gwarama, wengine Nyakitonto, wengine wazazi wetu walivuka kutoka Burundi. Tumejenga kwa matofali ya kuchoma, juu ya mwamba, na usiku kwa ajili ya baridi tunaziba madirisha kwa magunia.

Bi. Rabia ndiye aliyetuletea habari ya radoni: gesi itokayo ardhini, inapenya kwenye nyufa za sakafu, haina harufu wala rangi, na ukiivuta miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Alikaa nasi mkekani, akarudia bila kuchoka, hata kwa sisi tulioishia darasa la saba. Akatugawia vipimo, vikopo vidogo vyeusi, akasema tuviweke tunapolala.

KILICHOTOKEA

Sasa mgeni rasmi, kwetu kitu cha mgeni hakiingizwi chumbani kwenye magodoro na nguo chafu. Tukaviweka sebuleni juu ya kabati, juu ya kitambaa cha kufuma. Tukafagia, tukaacha madirisha wazi. Mwenzetu Pelagia peke yake alikiweka kikopo chake chumba cha nyuma, wanakolala wanawe.

Majibu yakaja. Yetu yote chini, yake juu mno.

Maneno yakaanza. Jirani yetu Kasian akamtania Pelagia njiani kwamba nyumba ile hata mwizi sasa ataikimbia. Wengine tukawakataza watoto wetu kwenda kucheza kwake. Pelagia hakugombana na mtu. Alihamishia magodoro ya wanawe sebuleni, akamwita Bi. Rabia, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kikopo kilikaa wapi. Kwa mwenzetu Philomena, mama yake Obedi, wakaonyeshwa kabati.

"Tulikiheshimu, dada," Philomena akasema.

Pelagia akamuuliza taratibu, "Mama Obedi, kwani Obedi analala kabatini?"

Philomena alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

TUNAOJIVUNIA

Tunajivunia Bi. Rabia, ambaye hakutuita wajinga. Tunajivunia Pelagia, aliyesemwa vibaya na bado akaja kutugongea milango kwa ajili ya watoto wetu. Kasian mwenyewe ameomba tuandike hapa kwamba amemwomba radhi.

TUNAYOOMBA

Usitangaze leo kwamba tuko salama. Hatujui. Ukishatangaza, hakuna atakayepima tena.

Vipimo virudi, na safari hii tutaviingiza vyumbani, hata kama hatujatandika. Nyumba ya Pelagia ipate fundi wa kuziba nyufa na kutoboa matundu ya hewa, tujifunze kwake. Nawe mgeni rasmi, nyumba unayokaa imejengwa juu ya mwamba huu huu. Tafadhali ipime.

Wana wa Pelagia usiku huu watalala sebuleni. Wetu bado wako vyumbani.

Mungu akushushe kilima salama, awape wanao pumzi ndefu na nyepesi, na wetu pia.

Ni sisi,
Akina mama na wakazi wa Kitongoji cha Mwambani, Kibondo.