Mzee Mwau na Geji Iliyokataa Kupona

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Dominic Mwau anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya vifurushi kwa miaka thelathini na mmoja. Jioni hiyo atafunga karakana ya Thika, na haitafunguliwa tena, kwa kuwa pikipiki zote sasa zitatengenezewa Ruiru. Ofisi iliniomba mimi, Wangeci wa dawati la usafiri, niandike maneno machache ya furaha. Nimejaribu.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba kutoka upande wa Matuu, enzi ambazo karakana ilikuwa na mafundi sita na kelele za kutosha kujaza soko. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuchunguza geji ya mafuta inayodanganya. Wengine wakiona mshale hausogei hukimbilia kununua sensa mpya, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta. Mzee Mwau hakuwa na haraka hiyo. Alianza na waya chini ya kiti, akitazama kama zimechubuka au kiungio kimeshika kutu. Kisha alitoa sensa ndani ya tangi, akapandisha na kushusha ule mkono wenye floti, boya dogo linaloelea juu ya petroli, huku akiangalia kwenye mita kama namba zinapanda polepole au zinaruka. Floti yenyewe aliitikisa karibu na sikio. Ikilia kwa ndani, imeingiwa na petroli, na floti iliyozama itakuambia tangi ni tupu hata ukilijaza hadi kwenye kifuniko. Aliwahi kunusa moja mbele ya meneja mgeni, akatabasamu, akampa naye anuse. Meneja alipiga chafya mpaka saa ya chai.

Mambo yalibadilika kampuni ilipohamia Ruiru. Mafundi wenzake walihamishwa mmoja mmoja. Yeye aliomba abaki Thika kwa sababu mkewe, Syokau, alikuwa mgonjwa na kliniki yake ilikuwa karibu. Syokau alipofariki tulimzika Matuu, tukarudi kazini, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza Mzee kama bado anataka kukaa kule peke yake. Ninalisema wazi kwa sababu linauma. Binti yao, Kamene, yuko ng'ambo na hupiga simu Jumapili. Siku nyingine zote Mzee alikula chakula cha mchana na redio. Nikimpigia kuhusu spea, alishika simu kabla haijalia vizuri, na mazungumzo yakiisha aliniuliza kama Ruiru kuna mvua. Thika na Ruiru ni pua na mdomo, mvua ni ileile, lakini nilimjibu kila mara.

Hapo ndipo geji ya Maxine ilipoanza kusumbua. Maxine ni mmoja wa waendeshaji wetu, anakaa Githurai 45, na kila baada ya wiki chache mshale wake ulilala chini kabisa. Kanuni yetu ni kwamba pikipiki haiendi Thika bila hitilafu, na ruhusa naitoa mimi. Nilitoa. Alirudi jioni geji ikiwa nzima, na baada ya muda ikalala tena. Ajabu ni kwamba hakuwahi kuishiwa mafuta njiani hata siku moja, jambo ambalo lingenifungua macho mapema kama ningekuwa mwerevu. Nilipochoka nilimtumia Mzee sensa mpya. Aliirudisha ikiwa bado kwenye pakiti, akisema ya zamani haina neno.

Nilienda Thika mwenyewe, nimekunja uso. Mzee alipandisha floti mbele yangu, akaishusha, na mshale ukaifuata kwa adabu. Nikamuuliza, basi ugonjwa uko wapi.

"Kuna mtu anachomoa hii waya," alisema, akinionyesha kiungio chini ya kiti. "Anachomoa na mkono, huko kwenu. Halafu anakuja, tunakunywa chai, ananipea stori za Ruiru, mimi naichomeka. Wacha tu, usimuulize."

Sikumuuliza. Nilirudi Ruiru nikaendelea kutoa ruhusa, nikijua sasa ninachoruhusu.

Wiki iliyopita nilimpigia Mzee kumweleza kuhusu makala haya. Nilidhani ataomba nisimtaje Maxine. Alisema niandike yote, mradi Maxine asifukuzwe kazi. Meneja ameahidi, tena amecheka sana. Safari hii Mzee hakuuliza kuhusu mvua.

"Sasa nikifunga hapa," alisema, "Maxine atachomoa nini?"

Nilivuta kalenda ya mezani, nikaanza kuangalia Jumamosi za Julai.

Mzee Mwau, asante kwa kila pikipiki uliyoirudisha barabarani, na kwa kila mwendeshaji aliyefika kwake salama jioni. Asante pia kwa kutotuuliza kwa nini tulikusahau kule. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, na mlango unaobishwa hodi mara kwa mara. Nyumba yako ya Makongeni tunaijua. Maxine anakuja Jumamosi ya kwanza ya Julai, nami nitakuwa nyuma yake kwenye pikipiki. Hatujaripoti hitilafu yoyote, na ruhusa hatujamwomba mtu.