Hakuugua: Maisha ya Ashley Nyanchera Ogoti, 2000–2025

Wachungaji, wazee, wageni wetu wa mbali na wa karibu, na ninyi vijana mliokataa kuketi, mimi ni Persis Kwamboka, mwalimu mstaafu, dada yake Ogoti na shangazi wa mtoto huyu aliyelala mbele yenu, na familia imenituma nisome maisha yake. Mkononi mna kijitabu cha karatasi ya kung'aa, kilicholetwa jana na gari la mheshimiwa mmoja pamoja na hema na viti. Kwa viti tunashukuru. Kijitabu sitakisoma, nitasoma karatasi hizi nilizoandika kwa mkono wangu, na mkiona tofauti, jueni nimeiweka mimi.

Ashley Nyanchera alizaliwa Jumanne tarehe 9 Mei 2000, huko Borabu karibu na mpaka wetu na Wakipsigis, mtoto wa pili wa kaka yangu Ogoti na mkewe Nyanchoka. Mnamo Januari 2008, akiwa na miaka saba, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba yao ilichomwa moto mchana kweupe, wakatoka na walichokuwa wamevaa, na Ashley akatoka na kuku mmoja kwapani, wakaja kuishi hapa kwenye shamba la baba yetu ambapo leo tunamzika. Kijitabu kimeandika kwamba familia ilihamia hapa. Watu hawahami huku wakikimbia.

Alianza darasa la tatu katika shule ya hapa nyumbani mwaka huohuo, nami ndiye niliyemfundisha Kiswahili, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2013 na wa kidato cha nne mwaka 2017. Alikuwa mwanafunzi mbishi, ukimpa maksi tisini alikuja na karatasi kuuliza kumi zimekwenda wapi, na nilimtuma nje mara nyingi kwa sababu hiyo, jambo ambalo ninalijutia leo. Mwaka 2018 alijiunga na chuo mjini Kisii kusomea kompyuta, akahitimu Desemba 2020, akatafuta kazi miezi kumi na tatu, barua arobaini, majibu mawili, yote mawili ya kumtakia heri.

Alhamisi tarehe 3 Februari 2022 alifungua duka la kupiga chapa na fotokopi mjini Nyamira, chumba kimoja, kompyuta moja, na printa iliyokuwa ikikohoa kuliko mwenye pumu. Wengi wenu mnalijua duka hilo kwa sababu ndiko mlikopeleka historia za wafu wenu. Yeye ndiye aliyepanga picha, akanyoosha tarehe, akawakumbusha jina la mjukuu mliyemsahau, akafuta "mcha Mungu" pale ambapo kijiji kizima kingecheka.

Mwezi wa Julai mwaka 2024, maandamano yalipokuwa yameshika nchi nzima, ilikuja familia moja kutoka Marani na karatasi ya kijana wao wa miaka kumi na tisa, imeandikwa kwamba aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ashley alijua kijana huyo amepigwa risasi, mji mzima ulijua, lakini familia ilikuwa imetishwa, ikaambiwa kibali cha mazishi kitachelewa wakiandika vingine, naye akapiga chapa kama alivyoandikiwa, nakala mia mbili, akazifunga kwa kamba. Aliniambia jambo hilo jikoni kwangu tukichambua mboga za chinsaga, akaniambia, "Senge, shangazi yangu, mimi ndiye nimemuua mara ya pili." Nikamwambia aache maneno makubwa. Hakuacha. Alichapa nakala mpya zenye ukweli, akaenda nazo Marani mwenyewe, na mama wa yule kijana akachukua moja, akaiweka ndani ya Biblia, akamwambia, "Ungeniuliza siku ile, mwanangu, ningekuambia."

Tangu siku hiyo Ashley hakupiga chapa historia ya mtu yeyote kabla ya kuuliza swali moja, awe mzee wa miaka tisini au mtoto wa wiki moja: alikufa na nini? Alibandika karatasi ukutani inayosema kwamba duka hili haliandiki ugonjwa kwa mtu ambaye hakuugua. Chifu alikuja mara mbili kumshauri aiondoe, na mara zote mbili alimpa kiti na chai, na karatasi ikabaki ukutani.

Sasa nafika kwenye ndoa. Ashley alikuwa amechumbiwa na Osoro, mwalimu wa shule ya msingi huko Suneka, na utambulisho ulipangwa uwe Jumapili tarehe 17 Agosti mwaka huu, mbuzi tulikuwa tumeshamchagua, na sufuria tulikuwa tumeshaazima. Kuhusu watoto, kijitabu chenu kimesema marehemu hakujaliwa. Nimelisoma neno hilo nikakasirika, kana kwamba ni Mungu aliyefunga tumbo la msichana wa miaka ishirini na mitano. Mungu tusimsingizie. Watoto wake wamezuiwa na mtu mwenye kidole na mshahara.

Na sasa nafika kwenye ugonjwa. Mara ya mwisho Ashley kuugua ilikuwa Aprili 2019, malaria, akameza dawa siku tatu akapona. Jumanne tarehe 22 Julai 2025 aliamka mzima, akanywa uji vikombe viwili, akafungua duka saa mbili, akachapa mabango ya waandamanaji bila malipo, na saa sita akafunga duka akaingia barabarani. Wapo watakaowaambia kwa huruma kwamba alikuwa akipita tu. Hakuwa akipita. Alikuwa amekwenda, kwa miguu yake, akiwa na bendera, kuwaambia wanaotutawala kwamba nchi si boma lao, na hilo halina adhabu ya kifo katika sheria yoyote niliyowahi kufundisha. Saa nane na dakika kumi alipigwa risasi ya mgongo. Nimesema ya mgongo, mzee uliyeketi mbele unayeandika, andika vizuri. Walimbeba kwa mkokoteni wa ndizi hadi hospitali, na saa kumi na dakika arobaini akafariki, akiwa ameshika mkono wa mama yake.

Vijana, sasa nasema nanyi, na msinigeuzie migongo, wengi wenu nimewafundisha na mwandiko wenu naujua hata kwenye ukuta wa choo. Tangu juzi mnanong'onezana kwamba askari aliyefyatua ana jina la ng'ambo ya mpaka, na kwamba tukishazika leo mtateremka kule Borabu kujibu. Jina lake hakuna aliyelisikia, lakini mapanga mmeshanoa. Mwaka 2008 na sisi tulichoma. Kwenye historia za watu huwa hatusomi hapo, lakini tulichoma, na mabibi wazee wa ng'ambo walilala kwenye umande kama mama yake Ashley alivyolala. Waliotuchochea hawakupoteza hata bati moja, na hadi leo wanakula pamoja na wenzao wa kule, meza moja, wakichekana. Mkichoma nyumba moja jioni ya leo, kesho hakuna atakayeuliza nani alimpiga Ashley, kila redio itasema Wakisii na Wakipsigis wameanza tena, na yule aliyetoa amri ataoga, atavaa suti, atakuja kutupatanisha. Nyumba mkiichoma, mtakuwa mmemfichia muuaji nyayo.

Ule mtungi wa petroli mlioficha nyuma ya jiko la kaka yangu msiutafute. Nimeumimina kwenye jenereta asubuhi. Ndiyo inayoendesha vipaza sauti hivi, na ndiyo inayowafanya mnisikie hadi kule barabarani.

Kazi ya mwisho iliyobaki kwenye kompyuta ya Ashley, aliyoimaliza Jumatatu tarehe 21 Julai, ni historia ya Amos Kipngeno, miaka ishirini na miwili, wa ng'ambo ya mpaka, aliyepigwa risasi katika maandamano ya Jumanne tarehe 8 Julai. Mama yake alikuja Jumatano kuichukua, akakuta duka limefungwa na maua mlangoni, na Alhamisi akamzika mwanawe bila karatasi. Mama huyo ni Emily Chelang'at, ameketi mstari wa tatu, mwenye leso ya kijani, amekuja leo peke yake, amevuka mpaka huo mnaotaka kuuvuka na mapanga, akiwa na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mama yake Ashley. Nimemchapia nakala zake jana. Ashley alikuwa amemuuliza swali lake, na jibu lilikuwa neno moja, lilelile la kwetu. Anayetaka kwenda kumchomea huyu mama nyumba aanze kwa kumsalimu.

Familia inawashukuru majirani waliosukuma mkokoteni, wenye maduka waliofungua milango watoto wetu wakaingia, akiwemo Bwana Vasant ambaye kioo chake kilivunjwa na bado akawapa maji, na wanachama wa chama cha akina mama waliopika siku tisa. Tunawashukuru wauguzi, na daktari mmoja ambaye simtaji ili asipoteze kazi, aliyeambiwa aandike kitu kingine katika ripoti ya Ijumaa tarehe 25 Julai, akaandika alichokitoa mwilini. Mheshimiwa aliyetuma hema na asiyekuja tunamshukuru kwa kivuli.

Nimalizie hivi. Kikapu kinachopita kati yenu si cha sadaka, kina kalamu, nilizinunua mwenyewe. Fungueni kijitabu ukurasa wa nne, mstari wa sita kutoka juu, palipoandikwa kwamba marehemu aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kateni mstari huo. Juu yake andikeni neno moja, risasi. Anayeona vibaya asaidiwe na jirani, na wewe mjumbe wa mheshimiwa usihangaike, kalamu naiona mfukoni mwako. Vijana, mkishaandika, majembe yako pale kando ya kaburi, na kazi ya mikono mliyokuwa mkiitafuta ni hiyo.

Nyanchera, mwanangu, nilikutuma nje mara nyingi kwa kudai maksi zako, na leo nimekudaia mimi. Kazi yako imesahihishwa. Sasa pumzika kwa amani.