Alhamisi Saa Tisa: Maisha ya Muuguzi Theopista Rwekaza, 1969–2025

Mchungaji, ndugu, majirani wa Nyanga, na ninyi wauguzi mliotoka Muleba tangu alfajiri, waitu, watu wetu, poleni. Mimi ni Projestus, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake yote, pamoja na sehemu inayotuaibisha.

Theopista alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Kamachumu, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1983 na sekondari hadi 1987, akahitimu uuguzi mwaka 1992, kisha mwaka 1998 akaenda Dodoma kusomea uuguzi wa afya ya akili, jambo ambalo baba alilipinga mpaka akachoka, maana dada yangu akishaamua ameamua.

Tarehe 4 Desemba 1993 alifunga ndoa na Mwalimu Kamala, wakajenga katika kibanja hiki cha migomba, wakajaliwa Derick, aliyeko Mwanza, na Evelyne, aliyeko Dar es Salaam, na tangu Mwalimu alipofariki mwaka 2009 aliishi humu peke yake.

Mwaka 2013, akiwa kazini hapa Bukoba, aliletewa mgonjwa kutoka kisiwa cha Bumbire akiwa amefungwa kamba mikononi, si kwa ukatili, bali kwa sababu muuguzi wa kule, Consolata, hakuwa na mtu wa kumuuliza afanye nini. Dada alilia, na wiki hiyo hiyo akaanza kutafuta wauguzi wa zahanati za mbali, mmoja mmoja, hadi wakafika kumi na sita, akawawekea utaratibu kwamba kila Alhamisi saa tisa alasiri kila mmoja ampigie anayemfuata kwenye orodha, wazungumze habari za wagonjwa, kisha amuulize mwenzake yeye mwenyewe anaendeleaje. Orodha ilianza na Theopista, ikaishia Bumbire, na Bumbire ndiyo iliyompigia yeye.

Machi 2021 Consolata alihamishwa, nafasi ikabaki wazi, na mwenzao wa Kamachumu alipotaka kuichukua zamu hiyo ya kumpigia, dada akamwambia asihangaike, yeye yuko salama. Wakamwamini, kama sisi tulivyomwamini. Daftari lake ninalo, kila Alhamisi ameandika hali za wote, ila mstari wake mwenyewe uko mtupu kwa miaka minne, nami mdogo wake nilikuwa nikimpigia Krismasi tu.

Tumbo lilianza kumsumbua Juni 2024, akaficha, na tarehe 10 Februari mwaka huu ikagundulika kuwa ni saratani iliyokwisha kuenea. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 31 Machi, Evelyne akiwa bado njiani.

Juzi Alhamisi, saa tisa, simu yake iliita mkononi mwangu. Alikuwa Hellen, muuguzi mpya wa Bumbire, aliyeikuta orodha ile imebandikwa ukutani na habari za msiba zikiwa hazijamfikia, akitaka kujua Theopista anaendeleaje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomletea uji, na wafanyakazi wenzake, ambao jana wamekubaliana kwamba orodha itaendelea na hakuna atakayeruhusiwa kusema asipigiwe.

Dada, umeulizwa hali. Pumzika sasa.